Kupima mchango wa mtafiti kwa nukuu na ushirikiano: mwongozo kutoka maktaba moja ya Iringa

Nafanya kazi kwenye maktaba ya chuo hapa Iringa. Kila inapokaribia siku ya mwisho ya kupeleka maombi ya kupanda daraja, wahadhiri hunijia mmoja mmoja na ombi lile lile: "Naomba unitolee nukuu zangu." Wanataka namba waijaze kwenye fomu, wawahi kikao. Zamani niliwapa. Nilifungua simu, nikaandika jina, nikasoma kilichojitokeza, kazi ikaisha ndani ya dakika mbili. Siku hizi kazi hiyo inanichukua siku mbili, na naamini ndizo inazostahili. Mtu aliyezunguka Makete na Ludewa miaka kumi akikusanya sampuli za viazi hawezi kupimwa kwa dakika mbili.

Nimeuandika mwongozo huu kwa mkutubi mwenzangu, kwa mjumbe wa kamati, na kwa mtafiti kijana wa Mbeya, Iringa, Njombe au Songea anayetaka kuandaa taarifa yake mwenyewe. Unahitaji simu au kompyuta yenye intaneti, jedwali la Excel au daftari lenye mistari, na subira.

Nukuu, kwa maana ya hapa, ni pale makala ya mtu mwingine inapoitaja kazi yako katika orodha yake ya marejeo. Mwaka 1955 Mmarekani Eugene Garfield alipendekeza marejeo hayo yakusanywe na kupangwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 faharasa yake ya kwanza ikatoka. Shabaha yake ilikuwa kumsaidia mtafiti kuifuata fikra: nani alisema, nani akaendeleza, nani akapinga. Kupima watu kulikuja baadaye. Nalitaja hili mapema kwa sababu hatua ninayoithamini kuliko zote, ile ya 5, inarudi kwenye kazi hiyo ya asili.

Hatua ya 1: Andika swali kabla hujafungua skrini

Andika sentensi moja juu ya ukurasa: unapima nini, kwa ajili ya nani, kwa kipindi gani. Kamati ya kupandisha daraja inataka kujua mtu amefanya nini tangu cheo chake cha mwisho. Mfadhili anataka kujua kama timu itamaliza kazi. Mwanafunzi wa uzamili anatafuta msimamizi anayeandika pamoja na wanafunzi wake. Maswali haya matatu yana majibu tofauti kwa mtu yule yule.

Hatua ya 2: Safisha jina

Hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa, na hapa kwetu yanazaliwa kwa wingi kuliko kwingine. Tuna majina matatu, na mashine hupenda kuchukua la mwisho na herufi za mwanzo za yaliyotangulia. Akina Sanga wanaotoka Makete peke yao ni wengi mno. Andika "A. Sanga" kwenye kanzidata yoyote, yaani hifadhi ya mtandaoni ya taarifa za machapisho, utapata mwalimu wa hisabati, daktari wa mifugo na mchumi wamelala kitanda kimoja. Akina Mwakalinga na Mbilinyi wana tabu hiyo hiyo. Mwingine alianza kuandika kwa jina la baba, akaolewa, akaendelea kwa jina la mume, na kanzidata ikamgawa kuwa watu wawili, kila mmoja na nusu ya kazi zake. Tena kuna majina ya Mwa- ambayo mhariri wa mbali huyakata vibaya au kuyakosea herufi moja, na herufi moja inatosha kuipoteza makala.

Nilijifunza hili kwa aibu. Nilimwandalia mhadhiri wa kilimo orodha ya nukuu zake bila kufungua makala hata moja. Ndani yake zilikuwemo makala nne za malaria za mtu mwingine kabisa mwenye jina kama lake. Yeye aliniamini, akasaini, akapeleka. Mjumbe mmoja wa kamati akauliza mtu wa viazi ameanza lini kupima damu. Mhadhiri yule hakuwa na kosa lolote, lakini maelezo aliyatoa yeye, mbele za watu. Tangu siku hiyo nafuata utaratibu huu bila kuruka.

Anza na wasifu wa mtafiti mwenyewe, si na intaneti. Mwombe akupe orodha kamili ya machapisho yake, pamoja na namna zote ambazo jina lake limewahi kuandikwa na taasisi zote alizowahi kufanyia kazi. Kisha tafuta kila makala kwa kichwa chake, si kwa jina la mwandishi, na uandike namba yake ya DOI, yaani namba ya kudumu inayoitambulisha makala mtandaoni, pale ilipo. Makala ambayo kanzidata inasema ni yake na kwenye wasifu haimo, muulize. Makala iliyomo kwenye wasifu na kanzidata haiijui, iandike pembeni, utaihitaji baadaye.

Kama hana namba ya ORCID, mfungulie siku hiyo hiyo, akiwa amekaa kando yako. Ni namba ya tarakimu 16, inatolewa bure tangu mwaka 2012, inamfuata mtu maisha yake yote hata akihama chuo au akibadili jina. Vijana wanaoanza leo wakiitumia kwenye kila makala, atakayekaa kwenye kiti changu miaka 20 ijayo atalala mapema.

Hatua ya 3: Chagua kanzidata, na utoe namba zote kwa siku moja

Google Scholar, iliyoanza mwaka 2004, inakusanya karibu kila kitu: makala, vitabu, tasnifu, ripoti. Kwa hiyo namba zake huwa kubwa, na ndani yake huwa na nukuu zilizorudiwa au zisizo na mwenyewe. Scopus na Web of Science huchagua majarida yanayoingia, hivyo namba zake ni ndogo na safi zaidi, lakini majarida mengi ya Afrika hayamo. Huduma kamili ya zote mbili ni ya kulipia, ingawa Scopus ina ukurasa wa bure wa kumtafuta mwandishi. OpenAlex, iliyofunguliwa mwaka 2022, ni ya bure na inakuruhusu kupakua jedwali zima. Kwa chuo chenye bajeti kama zetu, hii ndiyo naitumia zaidi. Kwa makala za majarida ya Afrika, pitia pia African Journals Online.

Mtu anayeandika kwa Kiswahili ataonekana mdogo katika kanzidata hizi kuliko alivyo. Jarida la Kiswahili na lile la Mulika, yanayotolewa na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yamebeba mijadala mizito ya isimu na fasihi kwa miongo mingi, na nukuu nyingi za ndani yake hazijawahi kuingia kwenye hesabu ya mashine yoyote. Ukimpima mwanaisimu wa Kihehe au Kinyakyusa kwa Scopus pekee, unapima lugha aliyoiandikia, humpimi yeye. Kwa watu hawa nachukua tasnifu na vitabu vilivyomo rafuni, nafungua kurasa za marejeo, nahesabu kwa kalamu. Inachosha, na hakuna njia nyingine.

Toa namba zote siku moja na uandike tarehe. Usichanganye namba ya Google Scholar ya mtu mmoja na ya Scopus ya mwenzake halafu ukawalinganisha.

Hatua ya 4: Hesabu, kisha uzijue hesabu zinaficha nini

Chukua mfano wa kubuni. Mtafiti wa maharage ana makala 12, na ukizipanga kuanzia iliyonukuliwa zaidi unapata hivi: 41, 23, 17, 9, 6, 6, 4, 2, 1, 0, 0, 0. Jumla ni nukuu 109.

Kipimo cha h kilipendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch wa California mwaka 2005. Shuka na orodha ukihesabu nafasi: makala ya 1 ina nukuu 1 au zaidi? Ndiyo, ina 41. Ya 2 ina 2 au zaidi? Ndiyo. Endelea. Ya 6 ina 6, bado inafaa. Ya 7 ina 4, haifiki 7. Simama. Kipimo chake cha h ni 6: ana makala 6 zilizonukuliwa angalau mara 6 kila moja. Google Scholar huongeza kipimo cha i10, yaani idadi ya makala zenye nukuu 10 au zaidi. Kwake ni 3.

Kipimo cha h kinapendwa kwa sababu makala moja yenye bahati haikibebi, na utitiri wa makala zisizosomwa haukibebi pia. Lakini kina umri ndani yake. Hakishuki kamwe, hata mtu akiacha kufanya kazi. Mwenye miaka 30 kazini atampita mwenye miaka 6 bila jasho. Hirsch mwenyewe alipendekeza ukigawe kwa miaka tangu makala ya kwanza. Mtafiti wetu akiwa na miaka 9, unapata 0.67. Nigawanye nisigawanye, miaka naiandika kila mara pembeni ya kipimo.

Kuhusu kile kipimo kinachoficha, hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Mwaka 1963, kijana Erasto Mpemba, akiwa kidato cha tatu Magamba kule Lushoto, aliona mchanganyiko wa maziwa na sukari alioutia kwenye friza ungali moto ukiganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Alipokuja kusoma hapa Iringa, shule ya Mkwawa, aliuliza tena, na mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Hakunyamaza. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam alipofika shuleni kuzungumza na wanafunzi, Mpemba alisimama akamuuliza: vyombo viwili vya maji sawa, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, kwa nini cha nyuzi 100 kinatangulia kuganda? Osborne alirudi Dar es Salaam akaagiza jaribio lifanywe. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja, mwanafunzi na mhadhiri.

Sasa pima makala hiyo. Hata inukuliwe mara elfu ngapi, mwenye makala moja ana kipimo cha h cha 1. Hesabu ni sahihi, na haituambii lolote. Tena wanafizikia wengi leo wanataja "athari ya Mpemba" kwenye maandishi bila kuirejea makala yenyewe, kwa sababu jina limekuwa istilahi, na nukuu za namna hiyo mashine haizioni. Kwa hiyo mtafiti wako akiwa na mbinu, mbegu au dhana inayojulikana kwa jina, tafuta jina lenyewe kwenye maandishi ya makala, usiishie kwenye orodha za marejeo.

Jambo la mwisho kwenye hesabu: usimpe mtu alama kwa kipimo cha jarida alilochapisha, yaani wastani wa nukuu za makala za jarida hilo. Ndani ya jarida lolote makala chache hubeba sehemu kubwa ya nukuu, nyingine zinapata mbili tatu au hazipati kitu. Azimio la San Francisco la mwaka 2012 lilisema wazi kwamba kipimo cha jarida kisitumike kumpima mtafiti mmoja mmoja. Ni msimamo ninaoutetea kila kikao ninachoalikwa.

Hatua ya 5: Fungua nukuu zenyewe

Kama una muda wa hatua moja tu, fanya hii.

Chukua makala tatu za mtafiti zilizonukuliwa zaidi. Kwa kila moja, bonyeza idadi ya nukuu iliyo chini yake. Utapata orodha ya waliomtaja. Chagua kama 15 kati yao, za miaka tofauti, na usichague zile zinazovutia tu. Fungua kila moja, tafuta jina la mtafiti wako ndani ya maandishi, usome aya ile nzima. Kisha andika kwenye jedwali alitajwa kwa namna gani. Mimi natumia makundi manne.

Kundi la kwanza ni kutajwa njiani: jina lake limo kwenye mabano pamoja na mengine saba, katika sentensi ya utangulizi inayosema maharage ni chakula muhimu. Nukuu nyingi duniani ni za namna hii. La pili, wametumia kitu chake: njia yake ya kupima, takwimu zake, ramani yake. La tatu, wamejenga juu yake, yaani bila makala yake swali lao lisingekuwepo. La nne, wanampinga au wanamsahihisha.

Kundi la nne linaogopwa, na mimi naliheshimu. Rudi kwa Mpemba. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walichapisha makala wakisema kwamba walipopima kwa makini hawakupata ushahidi wa kutosha kuwa maji ya moto hupoa mapema kuliko ya baridi. Ni nukuu ya kupinga. Mwaka uliofuata wengine wakaonyesha kwa nadharia kwamba tabia kama hiyo inaweza kutokea katika mifumo ya chembechembe, na mwaka 2020 jaribio la chembe ndogo ndani ya maji likaonyesha chembe zilizoanza na joto zaidi zikipoa haraka kuliko nyingine. Swali la kijana wa Mkwawa bado linafanya watu wabishane maabara baada ya nusu karne. Mashine inaziandika nukuu zote hizo kama moja, moja, moja. Ni wewe uliyesoma ndiye utakayeweza kuiambia kamati kilichotokea.

Ukiwa unasoma, angalia pia anayenukuu ni nani. Kujinukuu si dhambi. Mtu anayefuatilia chai ya Mufindi kwa miaka 15 atajirejea, angefanyaje? Ondoa nukuu hizo kwenye hesabu ya pili, kisha uandike namba zote mbili, pamoja nazo na bila hizo. Kinachotia shaka ni pale ambapo nukuu 30 zinatoka ndani ya mwaka mmoja, kwenye majarida mawili, kwa majina yale yale yanayotajana kwa zamu. Wapo wanaouza nukuu, na wapo wenye majarida wanaochukua pesa wakachapisha chochote. Ukiyaona hayo, mwite mtafiti kwanza, kwa faragha, umsikilize. Vijana wengi waliingia huko kwa kutojua, baada ya kupokea barua pepe yenye maneno matamu.

Hatua ya 6: Soma ushirikiano wake

Tengeneza jedwali la pili. Kila makala mstari mmoja, na safu hizi: mwaka, idadi ya waandishi, nafasi ya mtafiti wako katika orodha, mwandishi wa mawasiliano (anayeandikiwa kuhusu makala) ni nani, taasisi zilizohusika, nchi zilizohusika. Baada ya makala 12 picha inaanza kujitokeza yenyewe. Ukitaka kuichora, weka jina lake katikati ya karatasi kubwa, zungusha majina ya wenzake, piga mstari kwa kila makala waliyoandika pamoja. Mstari unene kadiri makala zinavyoongezeka. Programu ya VOSviewer, ya bure, hufanya hivyo kwa kompyuta, ila kwa mtu mmoja kalamu inatosha.

Idadi ya waandishi inabadilisha maana ya nukuu. Mwaka 2015 wanafizikia wa Geneva walichapisha makala yenye waandishi 5,154. Hata hapa kwetu, kituo cha utafiti wa tiba cha NIMR Mbeya kimeshirikiana kwa miaka mingi na chuo kikuu cha Ludwig-Maximilian cha Munich, na majaribio ya chanjo ya VVU au tafiti za kifua kikuu za vituo vingi hutoka na orodha ndefu ya majina. Rudi kwa mtafiti wetu wa kubuni: ikiwa ile makala ya nukuu 41 ina waandishi 58, fungu lake kwa mgawo sawa halifiki hata nukuu moja, wakati ile ya nukuu 23 yenye waandishi 3 inampa karibu 8. Mgawo sawa si haki kamili, kwani huenda yeye ndiye aliyeendesha maabara nzima kati ya wale 58. Ndiyo maana namuuliza: ulifanya nini hasa? Majarida mengi sasa huchapisha majukumu ya kila mwandishi kwa utaratibu wa CRediT wenye majukumu 14, kuanzia kubuni wazo mpaka kutafuta fedha. Nakili majukumu yake neno kwa neno.

Nafasi katika orodha nayo ina lugha yake, na inatofautiana. Katika tiba na biolojia, wa kwanza ndiye aliyefanya kazi, wa mwisho ndiye kiongozi. Katika hisabati na sehemu kubwa ya uchumi hupangwa kwa alfabeti, na mwenye jina la Mwa- hawezi kulaumiwa kwa kukaa katikati.

Safu ninayoiangalia kwa moyo wangu wote ni ya nani anaongoza. Mtanzania ambaye miaka 12 yuko katikati ya orodha, sampuli zinatoka kwake na mawazo yanatoka ng'ambo, ameshirikishwa; hajashirikiana. Si kosa lake. Lakini taarifa yako ionyeshe kama kuna mwendo: alianza katikati, akaja kuwa wa kwanza, sasa yuko mwishoni na wa kwanza ni mwanafunzi wake. Mwendo huo una thamani kubwa kuliko wingi wa nchi alizoandika nazo. Angalia pia kama ana mistari minene na majirani. Mtafiti wa Mbeya mwenye wenzake Oslo na Toronto na hana hata mmoja Uyole, Iringa wala Morogoro, muulize kwa nini. Mara nyingi jibu ni fedha, na kamati inahitaji kulisikia.

Mfano mzuri wa kusomea ni kipunji, yule kima mwenye mkia mrefu na manyoya ya kahawia. Timu moja ilimkuta misitu ya mlima Rungwe mwaka 2003. Timu nyingine, bila kujua ya kwanza, ikamkuta msitu wa Ndundulu katika milima ya Udzungwa mwaka 2004. Zilipogundua kwamba zinafuata mnyama yule yule hazikugombea kutangulia. Ziliandika makala moja yenye waandishi 7, ikatoka mwaka 2005 katika jarida la Science, na kati ya majina hayo wamo Watanzania Noah Mpunga na Sophy Machaga. Mwaka 2006 ikathibitika kuwa ni jenasi mpya kabisa, Rungwecebus. Kwenye jedwali lako ni mstari mmoja tu, lakini simulia uungwana ulio nyuma yake.

Na kuna ambao hawamo kwenye mstari huo. Fununu za kwanza za mnyama yule zilitoka kwa wawindaji wa Rungwe, na jina lenyewe, kipunji, ni lao. Hakuna safu ya kuwaweka. Kwa hiyo nimeongeza moja kwenye jedwali langu: "waliotoa maarifa bila kuandika." Namwomba mtafiti aijaze. Wengine hukaa kimya muda mrefu kabla hawajaanza kuandika majina ya wazee wa vijiji.

Hatua ya 7: Linganisha na wa fani yake, wa umri wake kazini

Makala ya tiba hupata nukuu nyingi kwa haraka. Ya hisabati, sheria au historia hungoja. Tafuta watafiti watano au saba wa fani ile ile, walioanza miaka ile ile, ikiwezekana wa vyuo vya Afrika Mashariki, uwapime kwa kanzidata ile ile. Usitumie wastani wa kawaida, kwa sababu mmoja mwenye makala maarufu atauvuta. Wapange kwa mstari, uchukue wa katikati.

Hatua ya 8: Toka nje ya kanzidata

Ile orodha uliyoiweka pembeni kwenye hatua ya 2 inaingia hapa. Tafuta miongozo ya wizara, mitaala, ripoti za halmashauri, mbegu zilizopitishwa rasmi. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole kimetoa aina za maharage zinazolimwa katika nyanda hizi, Uyole Njano ikiwa mojawapo, na mkulima anayeipanda haandiki marejeo. Anayeipeleka sokoni Mwanjelwa naye haandiki. Mzalishaji wa mbegu anaweza kuwa na kipimo cha h cha 5 na kazi yake iko kwenye sahani za maelfu. Usikisie idadi, omba barua ya kupitishwa kwa mbegu, omba takwimu za mauzo kwa wanaoizalisha, ambatanisha. Mtaalamu wa afya akisema mwongozo wa tiba umetumia utafiti wake, akuonyeshe ukurasa.

Mwaka 2015 wataalamu wa vipimo hivi waliandika kanuni 10 zinazoitwa Manifesto ya Leiden, na moja inasema utafiti bora wenye manufaa kwa mahali ulipofanyika ulindwe. Naibandika kwenye barua ya kufunikia kila taarifa inayohusu kilimo.

Hatua ya 9: Andika ukurasa mmoja

Usipeleke jedwali tupu. Andika kwa sentensi, namba zikiwa na nyumba zao. Kwa mtafiti wetu wa kubuni, ukurasa ungeanza hivi:

"Kwa mujibu wa OpenAlex, tarehe iliyoandikwa juu, makala zake 12 za miaka 9 zimenukuliwa mara 109, bila kujinukuu, mara 94. Kipimo cha h ni 6. Kwa wenzake watano wa fani na umri huo, wa katikati ana 5. Tulisoma nukuu 45 za makala zake tatu kuu: 26 zinamtaja njiani, 12 zimetumia njia yake ya kupima ukinzani wa ugonjwa, 5 zimejenga juu ya matokeo yake, 2 zinayapinga na maelezo yake yako ukurasa wa nyuma. Ni mwandishi wa kwanza au wa mwisho katika makala 7. Tangu mwaka wa sita, wanafunzi wake watatu wameongoza makala. Nukuu 41 za makala kubwa kuliko zote zinahusu kazi ya watu 58, ambamo yeye alisimamia mashamba ya majaribio."

Mpelekee mtafiti ukurasa huo kabla ya kumpelekea mtu mwingine yeyote. Mpe siku tatu. Atakurudishia na masahihisho, na kwa kawaida huwa matatu: makala iliyosahaulika, jina la mwanafunzi lililokosewa, na jukumu alilofanya ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza. Rekebisha, weka tarehe, mkasaini wote wawili, na uhifadhi nakala pamoja na jedwali lake. Mwaka kesho atakuja tena, na safari hiyo utaanzia hapo.